Kujuana ni Somo: Mafunzo ya Chepsaita kwa Watu wa Pwani



Somo letu la leo lahusu watoto wadogo wa skuli za msingi, nao ndio watakaourithi mji baada yetu. Twataka kuuliza hivi: mtoto wa miaka sita au saba, akaapo dawati moja na mtoto wa kabila jingine au wa dini nyingine, huyajua vipi mema ya kumtendea mwenzake? Je, huyajua peke yake, kama ajuavyo kula na kulala, au ni lazima afunzwe? Wengi wetu hudhani kwamba watoto wakishawekwa pamoja, basi mapenzi huja yenyewe. Dhana hii si sahihi, na khatari yake imekwisha kuonekana katika nchi yetu ya Kenya.

Tuliloamrishwa

Katika Suratul-Hujurat Mwenyezi Mungu ametufahamisha kuwa ametujaalia mataifa na makabila ili tujuane. Aya hii twaisikia mara nyingi katika khutuba na katika harusi. Lakini ni wachache wanaotazama mahali ilipowekwa. Kabla ya kufika hapo, sura hiyo imekwisha kukataza watu kuchekana, kuitana kwa lakabu mbaya, kudhaniana vibaya, kupelelezana na kusengenyana. Baada ya makatazo hayo ndipo likaja neno la kujuana. Mpango huu una mafunzo ndani yake: ulimi husafishwa kwanza, kisha ndipo watu waweze kujuana. Mwalimu atakaye kuwafunza watoto wema na aufuate mpango huo huo.

Tena tuikumbuke khabari ya Sahaba Abu Dharr. Siku moja aligombana na mtu, akamtukana kwa kumtaja mama yake, kwamba hakuwa wa asili ya Kiarabu. Wanazuoni wengi husema aliyetukanwa ni Bilal. Mtume wetu (S.A.W.) aliposikia alimkemea Abu Dharr, akamwambia kuwa bado anayo tabia ya zama za ujahili. Nasi tufikiri: huyu ni Sahaba aliyetangulia katika Uislamu, mtu mkweli na mcha Mungu, na hata hivyo alihitaji kufunzwa. Basi mtoto wa darasa la kwanza, ambaye kila jioni husikia nyumbani kwao makabila ya watu yakitajwa kwa dharau, atajifunza wema kwa nani asipofunzwa?

Nchi ya Eldoret

Chepsaita ni kijiji cha upande wa Turbo, katika kaunti ya Uasin Gishu, ambayo mji wake mkuu ni Eldoret. Wengi wetu wa pwani hatulijui jina hili ila kwa khabari za mbio za nyika zikimbiwazo huko. Hata hivyo yatupasa tuzijue khabari za nchi ile, kwani vijana wetu husoma katika Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984 pande hizo, na wengine huenda kule kwa ualimu na kwa biashara.

Nchi ile ni ya watu waliochanganyika. Zamani ilikuwa malisho ya Wamasai na ya Wakalenjin. Mwaka 1908 wakafika Makaburu kutoka Afrika Kusini kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakapewa mashamba makubwa. Shamba nambari 64 ndilo lililokuja kuwa mji wa Eldoret, na hata leo wako wauitao mji huo "Sitini na Nne". Reli ilifika mwaka 1924. Waluhya, Wakikuyu, Wajaluo na wengineo walikwenda kufanya kazi mashambani na mjini, na Wahindi na Wasomali wakafungua maduka. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mashamba mengi yaligawanywa na kuuzwa, na watu wa makabila mbalimbali wakawa majirani. Mwezi wa Agosti mwaka 2024 Eldoret ilitangazwa kuwa jiji.

Kwa hiyo watoto wa nchi ile wamekaa dawati moja kwa miaka mingi. Wamecheza mpira mmoja na kuteka maji mto mmoja. Lakini baada ya uchaguzi wa Disemba 2007 majirani waligeukiana. Tarehe 1 Januari 2008, katika kijiji cha Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa lilitiwa moto ilhali ndani yake wamo watu waliokimbilia usalama, wengi wao wanawake na watoto. Walioponea walisema kwamba waliwatambua baadhi ya washambulizi, kuwa ni majirani zao. Katika Kenya nzima walikufa watu zaidi ya 1,100, na laki kadhaa walihama makwao. Uwanja wa maonyesho wa Eldoret uligeuka kambi ya wakimbizi. Mapatano ya viongozi yalitiwa saini tarehe 28 Februari 2008, lakini saini ya viongozi haifuti yaliyomo katika kifua cha mtoto aliyeona nyumba yao ikiungua.

Hatusemi kwamba skuli ndiyo iliyoleta fitina ile. Ziko sababu za ardhi, za siasa na za umaskini, na wenye kuzijua wameziandika. Tusemalo ni hili: kukaa pamoja peke yake hakukutosha. Walionana kila siku, lakini hawakufunzwa kujuana.

Tena liko jambo moja linalotuhusu sisi wenye lugha. Katika fitina ile watu wa makabila mengine waliitwa "madoadoa", maana yake doa la kuondolewa. Neno hili ni la Kiswahili. Sisi twalitumia kwa nguo na kwa ngozi ya chui. Wao walilitumia kwa wanaadamu. Lugha tunayojivunia kuwa ni ya kuwaunganisha watu ilifanywa chombo cha kuwatenga.

Na sisi wa pwani

Pengine msomaji atasema, "Hayo ni mambo ya bara, sisi ni watu wa ustaarabu." Na ajiepushe na neno hilo. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, na katika siku zilizofuata watu wa bara waliokaa kwetu waliuawa, nyumba zao zikachomwa, na maelfu wakakimbia. Mwaka 2012, huko Tana, Wapokomo na Waorma walipigana juu ya maji na malisho, na watu zaidi ya mia moja wakafa. Katika pande zote mbili walikuwamo Waislamu wenye kusali kuelekea kibla kimoja. Basi ugonjwa huu hauna bara wala pwani.

Na tuyapime maneno ya barazani kwetu. Mtu wa bara aliyezaliwa Mombasa, akasoma Mombasa, na wazee wake wakazikwa Mombasa, bado huitwa mgeni. Mmijikenda aliitwa kwa miaka mingi kwa jina ambalo yeye mwenyewe hakulichagua wala hakulipenda. Neno "mshenzi" hutoka vinywani mwetu kwa wepesi. Hata aliyesilimu jana, badala ya kupokewa, huulizwa kwanza ukoo wake. Mtoto husikia yote hayo, na kesho huyapeleka darasani na chuoni. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi; lakini na ubaya pia hukunjwa angali mbichi.

Zamani za ukoloni skuli zilitengwa kwa rangi: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waarabu mbali, na za Waafrika mbali. Baada ya uhuru, tume ya Profesa Ominde iliyoundwa mwaka 1963 ilitaka ilimu iwe ya kuwaunganisha watoto wa nchi moja. Milango ikafunguliwa. Mtaala mpya, ambao tangu mwaka 2019 umeenezwa nchi nzima, umetaja upendo, heshima, umoja na amani kuwa miongoni mwa maadili ambayo mtoto apaswa kuyapata skulini. Basi amri ya serikali iko, na ya dini ilitangulia. Lililosalia ni kujua njia ya kuitimiza darasani.

Njia ya kwanza: majina

Tuchukue mfano wa darasa la upande wa Chepsaita, lenye watoto wa Kikalenjin walio wengi, na Waluhya, Wakikuyu na Wajaluo walio wachache, na pengine Mwislamu mmoja au wawili. Mwalimu na aanze kwa majina. Amwambie kila mtoto akaulize nyumbani, "Jina langu lina maana gani?", kisha kesho yake aje kulieleza.

Mtoto wa Kikalenjin aitwaye Kibet atasema kwamba alizaliwa mchana, na Cheruto kwamba mama yake alikuwa safarini. Otieno wa Kijaluo atasema alizaliwa usiku, na Okoth wakati wa mvua. Wafula wa Kibukusu pia atasema ni mvua, na Nekesa atasema ni mavuno. Mtoto wa Kikuyu ataeleza kuwa amepewa jina la babu yake. Na akiwapo Juma au Mwanajuma, atasema ni siku ya Ijumaa, na pengine jina hilo pia ni la babu au la bibi.

Hapo watoto wataona wenyewe jambo ambalo hotuba ndefu haiwezi kuwaonyesha: wazee wao wote, wa kila kabila, walipompata mtoto waliangalia saa, mvua, mavuno na wazazi waliotangulia, wakamwita kwa hayo. Makabila ni mbalimbali, lakini furaha ya kupata mtoto ni moja. Tena mtoto akishalijua jina la mwenzake na maana yake, huwa mzito wa kumbandika lakabu. Na mwalimu mwenyewe na alitamke kila jina sawasawa, wala asimkatie mtoto jina lake kwa kuwa ulimi wake haujalizoea.

Njia ya pili: lugha

Kanuni ya skuli zetu ni kwamba madarasa ya chini hufundishwa kwa lugha ya mahali. Ni kanuni nzuri kwa mahali penye lugha moja. Lakini penye lugha tatu au nne, mwalimu akisema lugha ya walio wengi tu, mtoto wa walio wachache hunyamaza, kisha huitwa mjinga, ilhali si mjinga bali hakufahamu. Hapo Kiswahili ndicho kiwe lugha ya wote. Kadhalika kwetu pwani, mtoto aliyetoka bara akikosea matamshi ya Kiswahili asichekwe. Mwenye lugha ana wajibu wa kumfunza mgeni wa lugha, wala hana ruhusa ya kumdhihaki.

Njia ya tatu: kazi ya kushirikiana

Mwaka 1954 mtaalamu wa Marekani, Gordon Allport, aliandika kuwa kukutana kwa watu huondoa chuki ikiwa mambo manne yapo: wawe sawa kwa daraja, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia, na wenye mamlaka wawaunge mkono. Yakikosekana hayo, kukutana huenda kusipunguze kitu.

Mwaka 1971 mwenziwe Elliot Aronson aliitwa katika skuli za mji wa Austin, jimbo la Texas. Skuli hizo zilikuwa zimeanza kuwachanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Mexico, na ugomvi ukazidi. Aronson aliona kwamba kila mtoto alishindana na mwenzake ili asifiwe na mwalimu, na wanyonge wakazidi kudharauliwa. Basi somo likagawanywa mafungu, na kila mtoto katika kundi akapewa fungu lake peke yake, alisome kisha awafunze wenzake. Hakuna aliyeweza kulijua somo zima bila ya kumsikiliza kila mmoja. Mtoto aliyekuwa akichekwa sasa akawa ahitajiwa. Walioichunguza njia hiyo waliona watoto wakipendana zaidi na kuipenda skuli zaidi.

Njia hii haitaki fedha. Darasa la watoto hamsini hugawanywa makundi kumi ya watoto watano, na mwalimu huyachanganya yeye mwenyewe, asiwaachie wachaguane. Na somo lake liko mlangoni. Mto Sosiani upitao Eldoret hupeleka maji yake katika mto Nzoia. Mtoto wa kwanza na asome khabari za vilima vya Cherangani, unakotoka Nzoia; wa pili za Sosiani na Eldoret; wa tatu za mashamba ya miwa ya Mumias; wa nne za mafuriko ya Budalang'i; wa tano za Ziwa Victoria unakoishia. Wakikusanya mafungu yao watajua kuwa mto mmoja hupita kwa Wakalenjin, kisha kwa Waluhya, ukaingia ziwani wanakovua Wajaluo, na kwamba anayeyachafua maji juu humdhuru jirani aliye chini. Waalimu wa pwani nao wanao mto Tana, utokao mlima Kenya na milima ya Nyandarua mpaka baharini.

Njia ya nne: chakula na ibada

Watoto huchekana sana kwa chakula. Mkalenjin hutayarisha maziwa ya mgando katika kibuyu kilichopakwa masizi ya mti maalumu, huyaita mursik, na huyathamini hata kuwapokea kwayo wakimbiaji wake wanaporejea na ushindi. Mtoto asiyeyajua huona ule weusi akakunja uso. Mwalimu na aeleze namna yanavyotengenezwa na heshima yake, kisha aulize kila nyumba huhifadhi maziwa vipi. Hapana haja ya kumlazimisha mtu kula asichokila. Linalotakiwa ni asikitukane chakula cha mwenzake.

Na katika ibada, kipimo ni kimoja. Mtoto wetu wa Kiislamu aliye peke yake katika darasa la Uasin Gishu, akifunga Ramadhani, twataka mwalimu awaeleze wenzake kwa nini hali chakula cha mchana, wasimcheke wala wasimjaribu. Basi mtoto wa Kikristo aliye peke yake katika darasa la Lamu au la Mji wa Kale, twamtakia nini? Akila chakula chake mchana wa Ramadhani asitukanwe, wala asifanywe kuona haya kwa dini ya wazee wake. Lile tulipendalo kwa mwana wetu tulipende na kwa mwana wa mwenzetu.

Shaka na jawabu lake

Wako watakaosema, "Mtoto akifunzwa kuheshimu dini na desturi za wengine, imani yake itadhoofika." Jawabu ni kwamba kuijua desturi ya jirani si kuifuata. Katika Suratul-Mumtahina Mwenyezi Mungu hakutukataza kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Na waandishi wa sira wamesimulia kuwa Wakristo wa Najran walipomjia Mtume (S.A.W.) Madina, waliachwa wakasali sala yao msikitini mwake. Hakuna aliyesema kuwa imani ya Masahaba ilipungua siku ile. Imani ya mtoto hudhoofika kwa kukosa mafunzo ya dini yake, wala haidhoofiki kwa kumtendea wema mwenzake.

Wengine watasema, "Mwalimu ana kazi nyingi na mitihani." Ni kweli. Lakini tulioyataja hayakuongeza somo jipya. Majina ni somo la lugha, mto ni somo la jiografia, maziwa ni somo la sayansi. Kilichoongezwa ni nia tu.

Wajibu wetu

Mwalimu ndiye kitabu cha kwanza cha darasa. Akimwita mtoto mmoja kwa jina na mwingine kwa kabila lake, amekwisha kufundisha. Akisikia tusi la kabila akanyamaza, pia amefundisha. Na asimame papo hapo, kwa upole, amweleze mkosaji, wala asimfedheheshe.

Wazazi na tuchunge ndimi zetu mbele ya watoto, kwani yanayojengwa skulini asubuhi huweza kubomolewa mezani jioni. Na waalimu wa vyuo vya Kurani, ambao watoto wetu huwaheshimu kuliko wote, na wawafunze Suratul-Hujurat kwa maana yake pamoja na tajwidi yake. Mtoto aliyeihifadhi sura ile yote kisha akatoka chuoni akimwita mwenzake mshenzi, ameihifadhi kwa ulimi tu.

Watoto waliokuwa darasa la kwanza mwaka 2008 sasa ni watu wazima, na wengine wao wana watoto skulini. Tuliyowafunza, au tuliyoacha kuwafunza, ndiyo watakayoyarithisha. Tuanze na hawa walio mikononi mwetu leo.

Maswali ya darasa

1. Kwa nini makatazo ya dhihaka na lakabu yametangulia neno la kujuana katika Suratul-Hujurat?
2. Ni maneno gani yatumikayo katika mtaa wako kuwaitia watu wa kabila au asili nyingine? Lipi miongoni mwao ungeona haya kulisema mbele ya mwenyewe?
3. Katika chuo au skuli iliyo karibu nawe, ni mtoto gani akaaye peke yake, na nani amekwisha kumwuliza maana ya jina lake?

Wabillahi tawfiq.